Ugomvi wa kitambulisho hauko kituoni

Mhariri,

Wasomaji wawili wamevutana katika ukurasa huu. Mmoja asema hakuna kura bila kitambulisho, mwingine aona sharti hilo lawanyima watu haki yao. Wote wawili wamesimama mlangoni mwa kituo cha kupigia kura, na ugomvi wenyewe hauko hapo. Uko kwenye dirisha la ofisi ya vitambulisho, miaka miwili kabla ya siku ya kura.

Kituoni, hapa kwetu Kenya, mambo yako wazi. Uje na kitambulisho au pasipoti, ile ile uliyojiandikishia, utie kidole kwenye mashine, upewe karatasi zako. Sina neno na hilo. Waingereza nao walianza kudai kitambulisho chenye picha Mei 2023, na mwaka uliofuata Boris Johnson, ambaye sheria hiyo ilipita yeye akiwa waziri mkuu, akarudishwa kwa kusahau chake. Alikwenda kukichukua, akarudi akapiga kura. Binti yangu hana pa kwenda kukichukua.

Alitimiza miaka 18 mwaka 2024, tukapeleka maombi: cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vyangu na vya mamake, barua ya chifu. Tukaambiwa tusubiri kikao cha msasa, yaani cha kumhoji mwombaji mbele ya wazee ijulikane kama kweli ni raia. Wazee wakamuuliza babu yake kazikwa wapi, akawaambia, hata mti ulio juu ya kaburi akautaja. Kisha afisa akataka kitambulisho cha nyanya yake. Nikamwambia mama yangu alifariki 1976 na hakuwahi kuwa nacho.

"Alikuwa mgeni?"

La, bwana, alikuwa mwanamke. Wanawake wa nchi hii walianza kusajiliwa 1978. Kabla ya hapo kipande, yaani kitambulisho cha zamani, kilikuwa cha wanaume, tangu enzi za mkoloni kilipotiwa kwenye kikebe na kuning'inizwa shingoni. Serikali haikumpa mama yangu kitambulisho, na sasa yamdai mjukuu wake kile ambacho haikutoa. Afisa yule alikuwa kijana mpole, naye nadhani hakuwa amelisikia jambo hilo.

Hapa Kwale twalijua dirisha hilo vizuri. Majirani zetu Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walizaa na kuzika hapa miaka yote hiyo bila kitambulisho wala kura, hadi walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walingoja hadi 2023. Hakuna aliyewafukuza watu hawa kwenye kituo cha kura, maana hawakuwa na cha kuwafikisha huko.

Februari 2025 Rais Ruto, akiwa ziarani kaskazini, alitangaza mwisho wa msasa ule. Nilifurahi. Sisi hatukuitwa tena mbele ya wazee, ila kitambulisho nacho hakikuja. Kila niendapo afisa hutoa sanduku la viatu, ndani mna vitambulisho vimefungwa kwa mipira, akapekua herufi kwa herufi. Vingine nimeviona mara tatu, nyuso zile zile, nishawazoea kama majirani. Sijui kama wenyewe wameambiwa vimefika.

Najua hoja ya mpaka. Lungalunga, mpakani na Tanzania, si mbali nasi, na hakuna atakaye mgeni amchagulie gavana. Lakini mwenye fedha na hila hapangi foleni kwenye dirisha lile. Anayesimama pale tangu alfajiri ni mtoto wa mvuvi.

Ninachoomba ni kidogo. Kifungu cha 83 cha Katiba chasema mipango ya kuandikisha wapigakura iwarahisishie raia kupiga kura, isiwazuie. Basi sheria iipe ofisi ya vitambulisho muda maalumu wa kutoa kitambulisho, kama vile tume ya uchaguzi ilivyo na tarehe zake. Muda huo ukipita na mwombaji hajapewa jibu, karatasi ya kusubiri aliyopewa alipoomba itoshe kumwandikisha, kitambulisho akionyeshe siku ya kura. Vidole vyote kumi alishavitoa siku ya kwanza, na serikali iliyovichukua ni moja.

Juma lililopita makarani wa kuandikisha wapigakura waliweka meza chini ya mwembe karibu na soko letu. Hapakuwa na foleni. Binti yangu alikuwa akipita na kikapu, mmoja wao akamwita, "Dada, njoo ujiandikishe." Akamwonyesha ile karatasi, imeshachanika kwenye mikunjo na kuungwa kwa gundi. Karani akaisoma pande zote mbili, akamrudishia, akamuuliza bei ya maembe.

Mzazi,
Kwale