Saini ya oparesheni sio msamaha wa dokta

Mhariri salam,

Naomba nafasi kidogo niseme hili la fomu za oparesheni maana huku kwetu Mbeya watu wananyamazishwa nazo. Unafika na mgonjwa, nesi anakuja na karatasi, "sainini hapa chapchap ndani wanasubiri", unasainia ukutani kwa kalamu ya kuazima hata hujui anaenda kukatwa wapi. Shangazi yangu wa Tukuyu alisainishwa hivyohivyo, yeye Kinyakyusa ndio lugha yake, Kiswahili cha kuungaunga, na fomu yenyewe ya kiingereza! Mambo yalipoharibika mumewe akaenda kuuliza, akajibiwa "mzee si mlisaini wenyewe?" Akageuza akarudi zake kwenye basi.

Sasa jamani ile saini maana yake umekubali kupasuliwa na umekubali zile hatari ulizoelezwa, uzembe haumo humo. Na dokta ana wajibu wa kukueleza kabla, una tatizo gani, hatari ni zipi, kama kuna njia nyingine. Uingereza mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi mama mmoja, kesi ya Montgomery, alikuwa na kisukari na hakuambiwa kwamba mtoto anaweza kukwama mabega wakati wa kujifungua, akakwama kweli akapata ulemavu. Hukumu ile haizifungi mahakama zetu ila wakili anaweza kuitumia kushawishi.

Halafu watu wanachanganya. Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumsimamisha dokta au kumfutia usajili, ila ukitaka fidia ni mahakamani, na huko muda haukusubiri, madai ya uzembe ni ndani ya miaka 3 na kama hospitali ni ya serikali lazima utoe kwanza notisi ya siku 90, yaani taarifa ya maandishi kwamba unakusudia kushtaki. Sisi tunamaliza msiba, tunaambiana kazi ya Mungu, miaka inapita. Sisemi kila anayekufa dokta kakosea, hapana, madokta wengine wanakesha peke yao wodi nzima na kuthibitisha uzembe ni kazi yako wewe unayedai.

Ndio maana naomba wizara fomu ziwe za Kiswahili, aandikwe jina aliyemweleza mgonjwa na alimweleza kwa lugha gani, na nakala moja ndugu waondoke nayo. Hela ya fotokopi hata tukidaiwa sisi tutatoa.

Mkazi wa Uyole, Mbeya