Kuhusu "borrow" na "lend"

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Katika sentensi mlizotuma juma hili wengi mmechanganya "borrow" na "lend", nami naamini chanzo kiko katika lugha yetu wenyewe, kwani anayesema "nimeazima wavu" ndiye aliyeupokea, ilhali anayeambiwa "niazime wavu" ndiye atakayeutoa. Kiingereza hutenganisha pande hizo: "borrow" ni tendo la anayepokea kwa nia ya kurudisha, na "lend" ni tendo la mwenye mali. Mvuvi wa Igombe aliyepewa injini ya mtumbwi na jirani yake atasema "I borrowed an engine from my neighbour", na jirani, kwa injini ileile, atasema "I lent him my engine". Maneno "kukopa" (borrow) na "kukopesha" (lend) yatawasaidia kukumbuka tofauti hiyo zaidi kuliko "kuazima", ila mkumbuke kwamba maneno haya mawili ya Kiingereza hutumika kwa fedha na kwa vitu pia.

Kosa ninalotaka tuliache kabisa ni "borrow me your pen", ambalo nalisikia hata kwa watu wazima maofisini, sahihi ni "lend me your pen" au "can I borrow your pen?". Kwa kitu kisichohamishika, kama choo, semeni "use".

Kabla ya saa mbili usiku kesho, kila mmoja atume sentensi mbili kuhusu kitu kimoja, moja ya mpokeaji na nyingine ya mtoaji.