Vijiti 19

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwenu Tanga. Pole kwa mdogo wako kuvunjika taya, na pole zaidi kwa mama, maana najua ndiye asiyelala. Umeniuliza mimi taya linatibiwaje, kwa sababu yangu unayajua nusu: ulisikia nimeanguka na bodaboda, ukaja kunikuta nimeshapona.

Siku ile nilitua kwa kidevu. Zahanati ya kwanza walinishona nyuzi 5, wakanipa panadoli, wakaniambia nenda. Hakuna aliyesema "hebu uma meno." Usiku nikayauma mwenyewe: magego ya kulia yanagongana, kushoto kumebaki mwanya. Nikifungua mdomo, kidevu kinakimbilia kulia. Taya la chini ni kama bangili ya plastiki, ukiibana mpaka ivunjike, mara nyingi haivunjiki pahali pamoja. Langu lilikuwa limekatika karibu na kidevu upande wa kushoto, na jingine chini kidogo ya sikio la kulia, shingoni mwa bawaba ya taya. Kidonda cha kidevu kilikuwa kinaonekana. Hilo la sikioni lilionekana kwenye picha tu.

Kwa hiyo, kabla ya yote, muulize mdogo wako: meno yanakutana kama zamani? Jibu lake linamsaidia daktari kuliko unavyodhani.

Thieta sikumbuki, nilipigwa nusu kaputi. Mpira wa kupumulia waliupitisha puani, kwa sababu mdomo lazima ufungwe wakati wa kazi: kwanza wanayarudisha meno yakutane na kuyafunga hivyo, ndipo wanaunga mfupa. Walichana kwa ndani ya mdomo, chini ya fizi, ndiyo maana huoni kovu zaidi ya lile la kidevu. Hapo mbele waliweka mabamba 2 ya titani, moja juu ya jingine, kwa kuwa taya hapo linasokotwa unapotafuna na bamba 1 halitoshi. Mama yangu alitarajia nondo. Vibamba vyenyewe ni vyembamba kabisa, na skrubu zake ni fupi kuliko punje ya mchele. Hata leo vimo humo humo.

Huko kwenye bawaba hawakugusa. Walinifunga vyuma kwenye meno ya juu na ya chini, wakavivuta kwa mipira midogo, nikakaa hivyo wiki 2. Kwa mdogo wako wamesema waya, si mipira, basi shika hili: asitoke wodini bila mkasi wa kukatia waya, na muuguzi awaonyeshe ni nyaya zipi za kukata. Akitaka kutapika, ainame mbele; akishindwa kupumua, kateni. Mkasi ukae naye. Ukiwekwa kabatini kwa mama na kufungiwa kwa ufunguo hausaidii kitu.

Chakula utakijua mwenyewe: uji wa lishe, mtori, maziwa, supu iliyopita kwenye blenda. Nilipungua mpaka suruali ikashikwa na kamba. Kidogo kidogo, mara nyingi, na baada ya kila mlo asukutue na kupiga mswaki mdogo juu ya vyuma. Na sigara aache, mwambie nimesema mimi, inachelewesha kidonda na kukaribisha usaha.

Kilichonisumbua kuliko maumivu ni mdomo wa chini kufa ganzi. Mshipa wa fahamu wa mdomo huo hutokea palepale taya lilipokatika. Kwenye maulidi nilikaa na punje ya pilau mdomoni mwangu, nje, nusu saa, nikiongea na mashehe, mpaka mke wangu akanifinya. Chai iliniunguza bila kujua. Mwezi wa 4 tangu ajali nikaanza kuhisi sisimizi wanatambaa, nikafurahi. Bado kuna kipande kama sarafu hakijaamka.

Mipira ilipotolewa nikadhani nimemaliza. Mdomo ukafunguka vijiti 7 tu! Vijiti vya aiskrimu, unavipanga kama karata, unaviingiza kati ya meno ya mbele, unasubiri, kesho unachomeka kimoja zaidi. Kuna siku kilishindwa kuingia nikalia kama mtoto. Nilikuwa nafanya mbele ya kioo ili kidevu kisikimbie kulia. Leo naingiza 19, au vidole 3 vyangu, na mishkaki nakula, ila ya maini.

Lakini asianze kabla daktari hajaruhusu, maana aliyefungwa waya ana ratiba yake. Kwa sasa ukimpigia usimlazimishe kuongea. Agonge simu mara 1 ndiyo, mara 2 hapana.

Nakuja mwisho wa mwezi. Vijiti vyangu sitamletea, nimevitafuna sana; anunue vyake.

Wako,
mimi wa Mbagala