Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji

Ndugu wanachama,

Naanza na kideri, ugonjwa wa kuku unaoletwa na virusi, maana ndicho kilichotuumiza mwaka huu. Awamu ya pili ya chanjo haikufanyika. Siku tuliyopanga iliangukia katikati ya kazi za shamba, waliojitokeza wakawa wachache, nami nikakubali tuahirishe. Uamuzi ule ulikuwa wangu, na nauombea radhi. Kabla hatujapata siku nyingine kuku walianza kuzubaa, kinyesi kikawa cha kijani, shingo zikapinda. Kideri hakina tiba. Mabanda ya familia kadhaa yalibaki matupu.

Wapo waliouliza kwa nini kila mtu asichanje kwake kwa wakati wake. Jibu liko kwenye chupa yenyewe. Chupa ya chanjo kwa kawaida hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishafunguliwa na kuchanganywa inatakiwa iishe siku hiyohiyo. Mwenye kuku 12 akiinunua peke yake, nyingi ataimwaga. Kwangu mimi, hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kuwa na chama.

Awamu ya tatu tuliifanya alfajiri, kuku wakiwa bado bandani. Mmoja anamshika kuku na kumlaza ubavu, jicho likitazama juu; mwenzake anadondosha tone moja; kisha wote wawili wanasubiri mpaka apepese. Asipopepesa, hesabuni tone halijaingia. Watoto wetu walifanya kazi hii kwa utulivu ulionigusa sana. Chanjo hii ya tone la jicho tutairudia kila baada ya miezi mitatu, na siku ikishapangwa haitaahirishwa tena.

Ugonjwa uliingiaje? Kwa tulivyofuatilia, ulikuja na jogoo wa kubadilishana. Mpango wenyewe wa kubadilishana majogoo ni mzuri na sitaki ufe: jogoo akipanda mabinti zake kizazi baada ya kizazi, mayai hayatotoi vizuri na vifaranga wanadumaa. Kosa letu ni kwamba mgeni alifika na jioni ileile akafunguliwa banda. Kamati imeamua kwamba yeyote anayehamia, awe jogoo au beberu, akae peke yake siku 21, na ahudumiwe mwisho, baada ya wale wa nyumbani.

Mbuzi wametupa faraja. Tumeacha kunywesha kundi zima dawa ya minyoo kwa mkupuo. Sasa tunafunua ukope wa chini: mwenye ukope mwekundu tunamwacha, aliyepauka ananyonywa damu na minyoo, huyo tunamtibu. Kwa njia hii minyoo huchelewa kuizoea dawa.

Sungura hawakuwa na tatizo kubwa. Mavi yao yaende bustanini moja kwa moja, ila ya kuku yaoze kwanza, yasije yakaunguza miche.

Jambo moja bado linanisikitisha: nafaka iliyoota ukungu kupewa kuku kwa kuwa watu hawawezi kuila. Sumu ya ukungu ule huharibu ini la kuku kama inavyoharibu la mtu. Itupwe.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Katibu anapitisha daftari sasa hivi; kila mmoja aandike idadi ya kuku wake, vifaranga wakiwemo, kwa sababu chanjo ya awamu ijayo itaagizwa kwa hesabu hiyo.