TAARIFA YA MWENYEKITI KWA MKUTANO MKUU WA MWAKA WA CHAMA CHA WAANDISHI

Ndugu wanachama,

Semina mbili za uandishi, usiku wa mashairi na safari ya maonesho ya vitabu mnazifahamu, mliokuwepo mlikuwepo. Kati ya wanachama 64, waliolipa ada ni 21. Zilikusanywa shilingi 420,000, zikatumika 655,000, na pengo aliliziba mtu mmoja ambaye hadi leo hajarudishiwa. Jina lake liko chini ya taarifa hii.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nisemwe mwaka mzima: uamuzi wa kamati wa kufuta "maktaba" ya PDF, yaani vitabu vilivyokuwa vikirushwa bure kwenye kundi letu la WhatsApp, na kuwasimamisha wanachama wawili miezi mitatu.

Kwanza, tungo za Shaaban Robert hazikuguswa. Mzee alifariki mwaka 1962. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kwa Tanzania Bara muda huo uliisha mwishoni mwa 2012. Tulivyofuta ni vitabu vya watu walio hai, kikiwemo cha mwenzetu aliyeketi safu ya mbele hapa. Alikopa VICOBA, akachapa nakala 500, bei 12,000. Hata mwezi haujaisha, kitabu kikaanza kurushwa. Faili nililifungua mbele ya kamati: ukurasa wenye jina la mwandishi haumo, na ukurasa wa 47 umebaki na kidole gumba cha aliyekishika kitabu, kimepakwa hina. Sheria inaturuhusu kunukuu kipande na kumtaja mwenyewe. Kitabu kizima kisicho na jina tukiite nini?

Katibu alipinga, akauliza mwanafunzi wa kijijini asiye na maktaba atasoma nini. Hoja nzito, siidharau. Lakini anayetoa sadaka awe mwenye mali. Wenzetu wawili wametoa mashairi yao bure, kwa maandishi, na yanasomwa. Halafu nimepitia majina ya walioandika "nirushie na mimi": wengi ni watu wenye mishahara, na baadhi yao ni wadaiwa sugu wa ada ya chama hiki hiki.

Wapo wanaonong'ona kwamba nilichachamaa kwa sababu diwani yangu nayo ilikuwemo. Ilikuwemo, ndiyo. Barua ya malalamiko haikuwa yangu, na sikupiga kura. Matokeo yalikuwa watano kwa wawili. Muhtasari upo, asomaye na asome. Nauli ya kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuulizia taratibu hamtaiona kwenye mahesabu, kwa kuwa ilitoka mfukoni mwangu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata ofisi, tovuti na pengine mfadhili. Mazungumzo yanaendelea.

Fomu za ridhaa kwa wanaotaka kazi zao zisambazwe bure ziko kwa Katibu. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti