Barua kwa mwanangu: nani kaiita programu yako?

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu na kila siku anauliza likizo yenu lini. Programu yako imefika, nikaifungua jana baada ya isha. Unavyopanga mafaili sina la kusema, umeniridhisha. Shida iko pale programu inapotaka kujua imeitwa na sheli gani (ile programu inayopokea amri unazoziandika), ili itoe mipangilio kwa lugha ya sheli hiyo: `export` kwa Bash na Zsh, `set -gx` kwa Fish. Hapo umesoma kigeu cha `$SHELL`, basi, ukapita.

Kigeu hicho hakijibu swali lako. Kinakwambia sheli aliyoandikiwa mtu kwenye faili la akaunti, `/etc/passwd`, ile anayopokewa nayo akiingia kwenye mfumo. Ingia kwenye Bash, andika `zsh`, bonyeza Enter, kisha `echo $SHELL`. Utaletewa `/bin/bash` vilevile, na hali umo ndani ya Zsh. Wenzako wa Mac hawakuliona hili kwa kuwa tangu 2019 akaunti mpya huko hupewa Zsh, na wengi hawaigusi, kwa hiyo jibu lilikuwa sahihi kwa bahati tu. Wala usikimbilie `BASH_VERSION` au `ZSH_VERSION`. Vigeu hivyo sheli hujiwekea yenyewe, na kwa kawaida programu inayozinduliwa hairithishwi.

Mtoto akibisha hodi na sahani ya futari, humwulizi nyumba yao imeandikishwa kwa jina la nani. Unamwuliza nani kakutuma. Nawe fanya hivyo. Kwenye Linux ita `getppid()` upate namba ya prosesi mzazi (yaani programu inayoendeshwa, iliyoizindua yako), halafu soma faili la `comm` ndani ya folda ya namba hiyo kwenye `/proc`. Mac haina `/proc`, huko tumia `ps -o comm= -p` na namba. Hapo uwe macho na kistari: sheli ya kuingilia hujitaja `-zsh`, na usipokiondoa utalinganisha na `zsh` mpaka kesho.

Sasa, mzazi si lazima awe sheli. Anaweza kuwa `sudo`, au `make`, au programu ya kuandikia msimbo. Basi panda juu, mzazi kwa mzazi, mpaka ukute jina unalolijua, kisha simama hapohapo. Najua utataka kuendelea juu umfikie mtu mwenyewe kwenye dirisha lake. Usiende. `make` huendesha amri zake kwa `/bin/sh`, ambayo kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, tangu toleo la 6 ni sheli iitwayo Dash. Mtu anaweza kuwa amekaa kwenye Fish, lakini atakayeyameza maneno ya programu yako ni Dash. Ukimpa `set -gx` atakachokisoma sicho ulichokusudia.

Na kuna wakati hakuna wa kumwuliza. Sheli ikimaliza kazi kabla ya programu yako, Linux huikabidhi programu kwa prosesi nambari 1, au kwa mlezi mwingine aliyewekwa, na ukoo umekatika hapo. Windows ni mbaya zaidi: namba ya mzazi hubaki ileile hata akifa, na mfumo unaweza kumpa mwingine namba hiyo. Linganisha saa za kuanza. "Mzazi" aliyezaliwa baada ya mwanawe si mzazi. Na kigeu cha huko cha `COMSPEC` usikiulize kabisa, kitakutajia sheli ya `cmd.exe` hata ukiwa ndani ya sheli nyingine, PowerShell.

Kwa hayo yote, mimi ningeweka chaguo la `--shell` kwanza, mtu aseme mwenyewe. `direnv`, programu ya kupakia mipangilio ya kila folda, ndivyo inavyofanya: unaandika `direnv hook bash`, haibahatishi. Kukisia kuwe kwa asiyesema kitu. Ukikisia ukakosa jibu, andika kosa kwenye njia ya makosa, utoke kwa namba isiyo sifuri, usichape mistari ya Bash kwa kuwa ndiyo unayoipenda wewe.

Ukishatengeneza nitumie. Windows hapa nyumbani hatuna, lakini mjomba wako wa Chumbageni anayo dukani, na Jumamosi nitapita kwake.

Mama yako