Fundi aliyenifundisha fildi hana pa kusaini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo, nimemaliza mwaka wa kwanza na juzijuzi tu nimetoka fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wiki nane kwenye kiwanda kimoja cha kusaga nafaka hapa Moshi, jina lake naliacha maana sijaandika ili nimchafue mtu. Naandika kwa ajili ya ukurasa mmoja wa logibuku.

Kwa wasioijua, logibuku ni lile daftari tunalopewa na chuo, kila siku unaandika umefanya kazi gani, mwisho wa wiki unachora mashine uliyoishughulikia, alafu chini kuna nafasi mbili za saini, ya mhandisi wa kiwandani na ya mwalimu anayekuja kutukagua. Basi. Mtu wa tatu hayupo. Na huyo wa tatu ndo aliyenifundisha kila kitu nilichorudi nacho.

Nafasi yenyewe niliipata baada ya kuzungusha barua ofisi saba, Moshi na Arusha, wengine hata getini hukuruhusiwa kuvuka. Nilipopata nikashukuru sana, ila wiki mbili za mwanzo nilikaa ofisini. Mhandisi alinipokea vizuri tu, akasema binti kama wewe huko karakana utachafuka, kaa hapa umsaidie dada. Nikawa natoa kopi, napanga mafaili, naenda kuchukua chai na chapati kwa mama ntilie nje ya geti. Kwenye logibuku niliandika "kuzoea mazingira" siku tano mfululizo, na wiki ya pili nikaandika tena. Wavulana wawili tulioenda nao walikuwa karakana tangu siku ya kwanza, na hili bado linaniuma, maana tumekaa darasa moja, tumefanya mtihani mmoja, na ada analipa baba yangu ileile wanayolipa baba zao.

Jumatatu ya wiki ya tatu, ilikuwa baridi ile ya Julai, mlima umejifunika hata Kibo hukioni, akaingia ofisini mzee mmoja na ovaroli lake kuomba karatasi ya stoo. Wote pale wanamwita Meku, yaani mzee kwa Kichaga. Nikamwamkia shikamoo Meku, akaitika marahaba mwanangu, akaniangalia, akauliza, "Wewe si ndo mhandisi wetu? Mbona hujaja kutusalimia karakana?" Nikamweleza. Hakubishana na mtu, aliniambia tu, "Kesho njoo na suruali, nywele funga, hereni acha nyumbani."

Nikaenda. Mabuti ya stoo namba ndogo kabisa ilikuwa 42, mi navaa 38, ikabidi jioni ile niende soko la Memorial kununua mabuti ya mtumba kwa hela yangu ya nauli. Nadhani hapa wenye viwanda mnisikilize kidogo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003 na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, mwanafunzi wa fildi naye mguu wake unavunjika kama wa mwajiriwa.

Kitu cha kwanza Meku alichonifundisha ni kusoma beringi, ile ringi ya chuma yenye gololi ndani. Alinipa moja iliyokufa, imeandikwa 6308, akaniuliza shafti yake, yaani ile nondo nene inayozunguka katikati yake, ina ukubwa gani. Nikaanza kutafuta rula. Akasema acha rula, chukua namba mbili za mwisho zidisha kwa tano. Nane mara tano, 40, basi ni shafti ya milimita 40. 6205 ni milimita 25. Ukishuka chini ya 04 hesabu inabadilika, 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, hizo aliniambia nizikariri tu. Akanionyesha kuipasha moto kwenye sufuria ya mafuta, isizidi digrii 110, usiipige moto wa gesi moja kwa moja, na ikibidi kugonga ugonge ringi ya ndani kwa bomba, ukigonga ya nje zile gololi zinaumia na utairudia kazi yako baada ya mwezi.

Sasa kulikuwa na feni kubwa ya kunyonya vumbi, mota yake ya umeme kilowati 7.5, na beringi zake zilikuwa zimebadilishwa mara tatu tangu Januari. Ofisini walikuwa wanalaumu beringi feki, na kweli feki zipo mjini, ila Meku alikuwa hajaridhika. Kabla hata ya kuizima aliniita, akaweka ncha ya bisibisi kwenye mfuniko wa beringi na mpini akausogeza kwenye sikio langu. Nikasikia mkwaruzo, kama mtu anayesaga mchanga kwenye sahani. Tukaizima. Akaenda kwenye swichi, akatoa fyuzi zote tatu akatia mfukoni mwake, akaning'iniza na kikaratasi cha "usiwashe". Nikamuuliza kwani kikaratasi hakitoshi, akanionyesha mkono wake wa kushoto, kidole cha pete kimeishia katikati. Hakusema kitu kingine na mi sikuuliza.

Akafunga dayo geji, kipimo chenye mshale, juu ya mguu wa mota, akaniambia mimi nilegeze boliti moja moja huku nikiangalia mshale. Mguu wa kwanza, mshale haujasogea. Wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Nilipolegeza boliti ya mguu wa nne mshale ukaruka, mguu ukanyanyuka wenyewe. Tukapitisha fila geji, vile vibati vya kupimia uwazi, chini yake, karibu milimita 0.4. Yaani ule mguu ulikuwa unaelea, na kila ukikazwa boliti bodi ya mota inajipinda, shafti inatoka kwenye mstari, beringi inabeba mzigo usio wake, inachemka, grisi inayeyuka inatoka, inakufa. Tangu Januari wananunua beringi kumbe tatizo ni uwazi mwembamba kama kadi ya simu. Meku akanipa mkasi na kipande cha bati jembamba nikate shimu, kibati cha kujazia ule uwazi, mwenyewe, nikakata mara mbili ndo ikakaa, tukakaza, tukapima tena, mshale ukatulia. Akatoa fyuzi mfukoni. Ile feni iliwaka ikawa inavuma tu kama upepo, na mpaka naondoka wiki nne baadaye haikuguswa tena.

Siku ile nilichora mchoro wangu mpaka saa tano usiku kwa mama mdogo kule Pasua, hakuna mchoro niliowahi kuuchora kwa mapenzi kama ule.

Sasa angalia kilichofuata. Mwalimu wa chuo alikuja wiki ya sita, alikaa ofisini kwa meneja kama dakika ishirini, akaniuliza naendeleaje, akapitia kurasa, akasaini, akaondoka, ana wanafunzi wengine Arusha na Babati siku hiyohiyo na namwelewa, wanafunzi ni wengi. Mhandisi wa kiwandani alisaini wiki zote nane Ijumaa ya mwisho, huku anaongea na simu, anafunua anasaini. Sehemu ya maoni akaandika "Good" kila ukurasa. Karakana kwetu alikuja mara mbili.

Nilitoka pale nikaenda na logibuku kwa Meku. Nilitaka na yeye aweke jina lake, hata pembeni. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, akaifunua taratibu, akauangalia ule mchoro wa feni, akatafuta chini ya ukurasa kwa kidole. Akaifunga akanirudishia. "Hapa hapana pangu, mwanangu."

Mhariri, ndo hilo tu lililonileta kwako. Chuoni tunaambiwa PT, yaani hiyo fildi, ya mwaka wa kwanza ufanye kazi kama fundi mchundo, fundi wa kazi za mikono, ya pili kama fundi sanifu, wa ngazi ya kati, ya tatu ndo kama mhandisi. Sasa kama mwaka wa kwanza lengo ni mimi nijue kazi ya fundi mchundo, nani wa kusema kama nimeijua zaidi ya fundi mchundo mwenyewe? Najua nitaambiwa huyo mzee ana cheti cha ufundi cha trade test tu, hawezi kumpa maksi mtu wa digrii. Sijaomba anisahihishie hesabu za thermodainamiki. Naomba aulizwe mambo anayoyajua kuliko wote: huyu mwanafunzi alikuwa anafika? Anashika spana ipasavyo? Anatoa fyuzi kabla ya kugusa mashine? Mhandisi aliye ofisini hawezi kuyajibu hayo, na kwa kweli si kosa lake, hakuwepo. Na nchi hii ilishakubali zamani kwamba mkono unaweza kujua bila darasa, si VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanapima mafundi wa mtaani waliojifunza kazi kwa kuangalia na wanawapa vyeti? Kama ujuzi wake unatambulika kwa kumpa cheti, basi utambulike hata akisema huyu mtoto kaiva au hajaiva.

Naviomba vyuo vyetu vya uhandisi viongeze mstari wa tatu wa saini, wa fundi, na nusu ukurasa wa maoni yake kwa Kiswahili, asilazimishwe kuandika Kiingereza. Na katika ile hela ya kusimamia fildi, anayosafiria mwalimu kuja kukaa dakika ishirini, ikatwe kidogo impate yule aliyesimama na mimi wiki sita. Meku hakuniomba hata soda. Mara nyingine alinigawia kiburu chake cha ndizi na maharage alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Mimi nilirudi nyumbani nikaandika nyuma ya ule mchoro wa feni, kwa mkono wangu, kwamba kazi hii nilifundishwa na fundi mkuu wa karakana, na nikaeleza alinifundisha nini. Sijui kama kuna atakayegeuza karatasi asome. Logibuku za mwakani zinachapwa kabla ya Julai, na Meku kaniambia anastaafu mwakani mwezi wa tisa, kwa hiyo watakaokuja Julai ndo kundi la mwisho kumkuta.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa uhandisi mitambo,
Pasua, Moshi